Uzito wa Boriti Yenyewe

Nilikumbuka nikiwa langoni kazini, njia ya mgodi wa Kinsevere, nikisubiri gari la kuturudisha mjini. Kando ya lango lile kuna mzani wa malori, bamba refu la chuma lililolala ardhini, na siku hiyo dereva mmoja alikuwa akigombana na mlinzi. Lori lake lilikuwa limejaa vyuma, limeshapanda juu ya mzani, na mlinzi hakutaka kuandika chochote.

"Asubui ulipita wapi?" mlinzi alimuuliza. "Sikukupima tupu. Sasa nitajua namna gani vyuma biko na kilo ngapi, na lori yenyewe kilo ngapi?"

"Andika tu, chef. Lori ni lori."

"Apana! Lori nayo iko na kilo zake."

Watu wakacheka. Nami nikaanza kucheka nao, kisha kicheko kikanikauka mdomoni. Niliiona boriti ya nyumba ya baba, ile niliyoipigia hesabu mwenyewe, nikajaribu kukumbuka ni mstari upi nilioandika uzito wake. Sikuukumbuka. Gari likaja, nikapanda, nikashuka, nikapanda tena kwa sababu nilikuwa nimesahau mkoba chini.

Boriti yoyote inabeba vitu viwili: vile inavyowekewa, na yenyewe. Kabla hujaweka hata kigoda juu yake, tayari ina kazi ya kujibeba. Jambo hilo hufundishwa mwaka wa kwanza, na mimi ni injinia wa majengo, nina zaidi ya miaka kumi na miwili nikikokotoa majukwaa ya chuma. Kwangu kusahau uzito wa boriti yenyewe ni kama mpishi wa bukari, ugali wetu, kusahau unga.

Nyumba ya baba iko Kenya, si nchi bali kata ya mji wetu, nyuma kidogo ya barabara ya mafundi wa kuchomelea, mahali ambapo makanisa matatu huimba kwa pamoja na hakuna linalokubali kushindwa. Babu aliteremka na reli kutoka kaskazini, akakaa hapo. Baba naye alifanya kazi kwenye karakana ya mabehewa mpaka alipostaafu. Mimi nimebeba jina la mama yake, kwa hiyo tangu utotoni baba ananiita mama, na ananiheshimu kwa namna ya kuudhi: hanipingi, ananisikiliza mpaka mwisho, kisha anafanya lake.

Mama alipofariki, kilio kilikuwa katika nyumba ya zamani, yenye vyumba vidogo na ukuta katikati. Wanawake walikaa na mwili upande mmoja, wanaume upande wa pili, na baba, mwenye mke, alikaa siku mbili nyuma ya ukuta akisikia watu wanamlilia mkewe bila kumwona. Baada ya maziko aliniita.

"Mama, unijengee salon moja ya mukubwa. Poteau ya katikati, sitaki. Bantu bakikaa, baonane bote."

Nikakubali. Lakini kukosa nguzo katikati maana yake ni boriti ndefu, mita saba kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake dari la zege, kwa sababu mdogo wangu alitaka siku moja apandishe ghorofa. Boriti ndefu lazima iwe nene, na ikinenepa inakuwa nzito, hivyo kila unapoiongezea nguvu unaiongezea na mzigo. Ndiyo maana baada ya kuipanga unarudi mwanzo wa hesabu na kuipima upya, na upya tena.

Jioni niliyofanya kazi hiyo umeme ulikatika na betri ya kompyuta ikafa. Kwa ubishi tu nikachukua daftari la shule la binti yangu, nikaendelea kwa mkono. Kazini mashine hujaza yenyewe uzito wa kila kipande, na wewe huukumbuki kwa sababu hakuna siku uliombwa kuukumbuka. Nikahesabu dari, sakafu, kuta za ghorofa lisilokuwapo bado, watu, hata tangi la maji. Nikajiona hodari.

Sasa, Jumatano hiyo ya mzani, niliingia nyumbani kwangu nikalitafuta daftari kabla ya kuvua viatu. Nililipata chini ya meza. Kurasa tatu za hesabu safi, zimepigiwa mistari kwa rula, na uzito wa boriti haumo. Nikaupiga nikiwa nimesimama: zaidi ya tani tatu. Moja ya sita ya mzigo wote.

Isingeanguka siku hiyohiyo, hilo nalijua. Hesabu zetu zina akiba ya usalama. Lakini akiba ile si mali yangu. Ni ya mchanga mchafu, ya maji yaliyozidi kwenye zege, ya mashangazi arobaini wakicheza juu ya dari siku ya harusi. Nilikuwa nimeila mimi peke yangu, kabla ya mtu mwingine yeyote kupata nafasi ya kukosea. Nilijikasirikia hadi nikalitupa daftari ukutani, kisha nikaliokota nikapiga hesabu mara ya pili, kana kwamba tani zingepungua kwa hofu.

Zege lilikuwa limemwagwa siku kumi na moja kabla ya hapo. Miti ya pembeni fundi alikuwa amekwisha kuitoa, lakini boriti ilikuwa bado imelazwa juu ya miti kumi na minne iliyokazwa kwa kabari. Ikiwa juu ya miti haijibebi. Inaanza kujibeba siku miti inapotoka. Na tarehe ilikuwa imeshawekwa: Jumamosi ya wiki iliyofuata tungemtoa mama matanga, yaani kumaliza msiba wake, padri angekuja kusoma misa nyumbani, ndugu wangetoka Kabalo na Manono, na baba alitaka salon yake iwe wazi.

Nikampigia simu fundi mwashi.

"Chef, usitoe miti ata moja."

"Juu ya nini, mama ingénieur? Samedi ingine njo matanga."

"Béton ikomae."

"Béton yangu iko na nini?"

"Haiko na kitu. Ninasema ikomae tu."

Sikumwambia kosa ni langu. Badala yake nikamuuliza nondo za chini alitia ngapi, na hapo nilikuwa naomba Mungu. Kila mwashi wa Kenya huongeza nondo mbili kwa woga wake mwenyewe. Hawaamini karatasi, wanaamini chuma. Kwa miaka yote niliwagombeza kwa tabia hiyo. Siku hiyo ningeibusu.

"Fer ni ile uliandika," alisema. "Nilikuwa nimeshafunga mbili ya zaidi. Ulikuya, ukanigombeza mbele ya bantu ba kazi, ukasema kama ninajua kukupita, nichore mimi. Nikazitoa."

Ilikuwa kweli. Nilikumbuka hadi nguo niliyovaa siku ile, na jinsi vijana wake walivyoangalia pembeni ili asione kwamba wameona. Kinywa changu kimeniponza mara nyingi, lakini siku nyingine zote kiliniponza mimi tu. Nikamwambia fundi asante, nikakata simu kabla hajauliza neno jingine.

Kumwambia baba sikuweza. Ningeanza wapi? Nguzo ndicho kitu pekee alichonikataza, na dawa ya boriti ile ilikuwa nguzo katikati. Nikajipa siku moja ya kutafuta njia nyingine. Siku moja ikazaa ya pili. Nilizoea kupita kwake kila jioni nikitoka kazini. Wiki hiyo sikupita. Nilimpigia simu, nikamuuliza habari za presha na za dawa, nikasema kazi zimenibana. Yeye akasema, "Sawa, mama," na mimi nikaridhika kwamba miti ipo na fundi amekatazwa, basi hakuna hatari.

Lakini mwili haukuridhika. Nilishindwa kukaa chini ya kitu chochote. Kazini nilihama meza mara mbili. Dukani niliangalia linta juu ya mlango badala ya bidhaa. Kwenye kituo cha mafuta nilitoka garini nikasimama juani kwa sababu paa lake halikunipendeza. Jumapili nikaingia misa, na badala ya kuhesabu dhambi zangu nikahesabu boriti za roshani ya wanakwaya, na nikamchukia injinia wake nisiyemjua kwa kuwa yake imesimama miaka yote hiyo. Padri angependa kunitolea mahubiri kuhusu mwanamke abebaye mizigo ya wote akasahau wake. Asinitolee. Mimi naongea habari za zege tu.

Waswahili husema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mimi kilio chenyewe kilikuwa na tarehe. Alhamisi, siku mbili kabla ya matanga, maji yalizidi unga. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Kenya mchana kweupe.

Uani niliona miti imeegemezwa ukutani, imepangwa kwa urefu, na kabari zake zimefungwa pamoja kwa kamba. Mwashi hapangi hivyo. Mtu wa karakana ya reli ndiye hupanga hivyo. Nikakimbia mlangoni. Chini ya boriti ilibaki miti mitano, yote upande wa mbali, na baba alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya salon, redio mapajani, mita saba za zege juu ya kichwa chake.

"Baba, toka."

"Karibu, mama. Hausalimie kwanza?"

"Toka, baba! Sasa hivi!"

Akazima redio, akasimama, akainama kuokota kandambili iliyomtoka, na mimi nikamshika mkono nikamvuta kama mtoto. Sijawahi kumvuta baba katika maisha yangu. Tulipofika uani akajifuta shati mahali nilipomshika.

"Ile maçon ni muvivu," alisema. "Kila siku ananiambia ngoja, ngoja. Basi nilikuwa natoa moja moja, kila asubui. Napiga kabari, natoa muti, kisha nakaa chini kidogo, nasikiliza. Haisemi kitu."

"Si maçon anakataza. Ni mimi nilimukataza."

"Juu ya nini?"

"Nilikosa hesabu, baba. Nilihesabu vintu vyote vya juu yake. Yenyewe, uzito yake, nilisahau."

Aliangalia mlango wa salon, kisha akaniangalia mimi. Nilimsubiri anikemee. Nilikuwa nimejitayarisha kwa hilo tangu siku ya mzani, nilikuwa na majibu.

"Ulijua tangu siku gani?"

"Mercredi ya juma ilipita."

Akahesabu kwa vidole, polepole, akirudi nyuma siku kwa siku hadi Jumatano ile ya mzani. Kisha akashusha mkono.

"Mercredi ile, asubui, njo nilitoa ya kwanza."

Alikwenda ukutani, akafungua kamba ya kabari, akachukua mti wa kwanza akaanza kuurudisha ndani. Nilimzuia, nikaubeba mimi, nikampigia fundi simu huku nalia. Fundi alifika na vijana wake wawili, akaona miti, akaona uso wangu, akashika mti. Wakairudisha yote tisa, wakapiga kabari mpaka zikagoma. Mimi nilisimama chini ya boriti nikiwashikia ngazi.

Walipoondoka, baba alisema, "Samedi usiseme kitu. Mi njo nitasema." Nikakubali haraka kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Jumamosi salon ilijaa. Padri alisoma misa akikwepa miti, wanawake wakatundika mikoba yao kwenye misumari iliyosalia, watoto wakaizunguka miti wakikimbizana. Baada ya misa tukagawa bukari na samaki wakavu ambao mjomba, ndugu wa mama, alikuwa ameleta kutoka Pweto. Fundi naye alialikwa. Alikaa karibu na mlango na mkewe, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mjomba ni mtu wa maneno. Alipomaliza kula akaugonga mti mmoja kwa kifundo cha kidole.

"Shemeji, hii ni nyumba ao ni pori?"

Watu wakacheka. Baba akasimama.

"Munisamehe, bandugu. Béton haiyakomaa muzuri. Itakomaa. Musihangaike."

"Basi maçon alikula ciment," mjomba alisema, na kicheko safari hii kilikuwa kikubwa, maana wote walimwona fundi amekaa pale. Fundi aliendelea kuangalia sahani yake. Mkewe alimwangalia, akingoja aseme neno. Kenya mwashi hana bango wala ofisi. Ana jina lake tu, na jina hilo lilikuwa linaliwa pamoja na samaki wa matanga ya mama yangu.

Ningeweza kukaa kimya. Baba alikuwa ameshanifunika, na binti hamkatalii baba yake mbele ya wakwe zake, siku ya matanga, hata akiwa na shahada kumi. Nilifikiri hayo nikiwa tayari nimesimama.

"Bakubwa, munisamehe. Béton iko muzuri. Maçon hakukosa kitu. Mimi njo nilikosa hesabu. Yeye alikuwa ameshatia fer ya kuisaidia, mimi nikamugombeza, akaitoa. Béton haina kosa, na yeye hana kosa. Na poteau itakuya hapa, katikati."

Hakuna aliyecheka. Shangazi mmoja akasema "Yesu" kwa sauti ndogo. Mjomba akautoa mkono wake kwenye mti. Baba aliniangalia. Nilijua nimemwonyesha kuwa mwongo mbele ya ndugu wa mkewe, na nilijua hatanipinga.

"Keti, mama," alisema. "Bantu banakula."

Fundi akaweka sahani chini, akanawa mikono, akamwamkia baba, akatoka na mkewe. Mimi hakunisalimia.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi alikuwa getini na sepetu. Tuliongea mambo ya kazi tu. Nilikuwa nimepiga hesabu upya, mara tatu, kwa mashine na kwa mkono, kwa sababu hata nguzo huwezi kuipachika tu: boriti iliyopangwa kuvutika upande wa chini katikati sasa ingevutika upande wa juu, palepale penye nguzo, na ilibidi nijue kama nondo za juu zinatosha. Zilitosha. Nilimwonyesha fundi kurasa zote. Alizisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, akanirudishia. Kisha akachimba shimo la msingi katikati ya salon ya baba, akafunga nondo za nguzo. Alifunga mbili za ziada huku akiniangalia usoni. Nikamshikia waya.

Baba kwa siku hizo alikuwa anakaa uani na redio yake. Aliniitikia salamu, alimeza dawa nilizomletea, lakini mazungumzo hapana. Nguzo ikamwagwa, ikakomaa, wiki nne zikapita. Nilikuwa nakuja kila jioni kuiangalia, kana kwamba zege linahitaji mlezi.

Siku ya kutoa miti fundi aliwatoa vijana wake nje. Akaniwekea nyundo mkononi. Kwa waashi wa Kenya, aliyepiga hesabu ndiye anayesimama chini; kazini kwangu kuna watu wa kufanya hivyo, na kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kuwa mmoja wao.

"Anza na ya katikati, karibu na poteau," alisema, akarudi nyuma mpaka mlangoni.

Niliinua nyundo, nikaishusha. Nikaiinua tena, na hapo nikasikia kandambili nyuma yangu. Baba alikuwa ameingia, amebeba kiti chake cha plastiki. Akakiweka chini ya boriti, kando ya nguzo ambayo hakuitaka, akakaa.

"Baba, tafazali. Toka inje kwanza."

"Siku tisa nilikaa humu peke yangu," alisema. "Leo tuko babili. Piga."

Nikapiga.